Daftari la Geti

Jumamosi, Septemba 1999, Durban. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimefura kwa hasira.

Naandika kwenye kompyuta ya duka la simu la shemeji yangu, hapa mtaa wa Point. Ananitazama ninavyogonga vitufe, anaogopa nitavivunja. Aogope tu.

Leo shule ninayofagia imefanya sherehe. Ni moja ya shule zilizokuwa za Wazungu peke yao, na watoto weusi wa kwanza waliingia miaka minane iliyopita. Leo walitunukiwa watu "waliotunza kumbukumbu" ya siku zile. Nishani tatu kwa watu watatu, wote wa kamati. Na kamati yenyewe imeundwa mwaka huuhuu!

Kumbukumbu gani? Walichonacho cha maana ni daftari moja, na daftari hilo ni la Ma Gumede.

Ma Gumede ni mfagiaji mwenzangu, mama wa kitongoji cha Umlazi. Ndiye aliyenifundisha kazi, na Kizulu changu chote ni chake. Mwaka ule wa kwanza, shule ilisema kengele ya mwisho ikishalia, mtoto aliye nje ya geti si mzigo wake. Watoto walikuwa wakingoja pale taxi, vile vibasi vya abiria, za kuwarudisha kwao mbali. Basi Ma Gumede akawa anaacha ufagio na kwenda kukaa nao. Kila siku aliandika kwa penseli, kwa Kizulu: jina la mtoto, amechukuliwa na nani, saa ngapi. Na mengine pia. "Leo wametutupia mawe. Sipho ameumia sikio. Nilisimama mbele ya watoto." Mwaka mzima aliandika hivyo. Hakuna mwalimu aliyeandika habari ya mawe, hata mmoja.

Binti yangu Neema anapita geti hilo kila asubuhi, mkoba mgongoni, hana wasiwasi na mtu.

Sasa niandike ninachokionea aibu. Daftari nililipeleka mimi. Ma Gumede alikuwa amelihifadhi nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, hakutaka litoke. Mimi ndiye niliyembembeleza. Kule kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa mwalimu, najua thamani ya karatasi kama zile. Nikamwambia wataliazima tu, na siku ya sherehe wataliita jina lake, watu watapiga makofi. Nikamkabidhi naibu wa mkuu wa shule mkononi, nikamtajia mwenye daftari ni nani, mara mbili.

"Sharp, Mama," akasema, yaani sawa.

Leo Ma Gumede alikuja na sare yake ya akina mama wa kanisani, kofia na yote, akakaa safu ya nne. Kila jina lilipokaribia kutajwa alishika mkoba wake, tayari kusimama.

Hakuitwa.

Daftari lilikuwa ukumbini kwenye kabati la kioo, limefunguliwa ukurasa usio na mawe. Chini yake kadi: "Mali ya shule. Mwandishi hajulikani." Hajulikani! Mtu aliyesugua vyoo vyao miaka kumi na tisa!

Baada ya chai tulimfuata naibu. Ma Gumede hakudai nishani. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, atarudishiwa lini daftari lake. Naibu akatabasamu, akajibu kwamba sasa ni historia, haliwezi tena kutoka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, Ma Gumede akanivuta mkono.

"Eish, yeka, Mama Neema. Yeka." Yaani niachane nayo.

Tukaachana kwenye rank, kituo cha taxi. Hakunilaumu hata kidogo. Heri angenitukana.

Nina hasira na naibu, na kamati, na makofi niliyoyapiga mwenyewe kabla sijaelewa kinachoendelea. Mimi ndiye niliyemtoa mama wa watu nyumbani kwake kuja kudhalilishwa.

Kabati lile hufutwa vumbi kila Jumatatu, ndani na nje, na ufunguo hupewa mfagiaji wa zamu. Jumatatu hii zamu ni yangu.

Naogopa, nisijidanganye. Sina kazi nyingine, na Neema amepata nafasi shuleni humo kwa sababu mama yake yumo.

Lakini nitalifungua kabati. Nitalitoa daftari na kulipeleka Umlazi mchana kweupe, bila kulificha chini ya aproni. Wakinifukuza, Neema atajua mama yake alifukuzwa kwa nini.