Maji ya Nyangumi

Kolwezi, Jumanne usiku

Nyangumi! Eti nyangumi na pomboo wamekwama ufukweni, nchi ya joto huko mbali, na watu wanawafunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji wasife kabla bahari haijarudi kuwachukua. Mtangazaji wa redio alikaribia kulia.

Hapa gare, kituo cha treni, imejaa watu wa Kasai tuliowafukuza majumbani mwao, sisi tunaojiita wenyeji. Wanangojea treni isiyokuja, na vijana wetu wamefunga bomba la maji. Mama Ntumba, jirani yangu, aliyenizalisha watoto wangu wote, analala pale chini na mwanawe. Leo nilimpelekea ndoo ya maji. Aliyeimwaga ni mdogo wangu mwenyewe, anayelinda mlango na vijana wenzake.

"Rudia ku nyumba, yaya," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Bale habako bantu ba huku."

"Na Mama Ntumba alizaliwa wapi? Haiko hapa ku mtaa wetu wa Musonoi?"

Akaipiga teke ndoo tupu. Mpumbavu.

Nikarudi nyumbani, nikaloweka kitenge changu safi, nikajifunga hivyo hivyo kikichuruzika, nikampita pale mlangoni. Mama Ntumba alikamua pindo la kitenge kinywani mwa mtoto. Mdogo wangu alikuwa anatazama.

Kesho nitajifunga vitenge vitatu vilivyolowa. Anivue mbele za watu, mimi dada yake, kama anaweza.