Vilivyopasuka Havikuhesabiwa

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukimaliza ichome. Usimwonyeshe mwenzako wa zamu, hata yule unayemwamini kama mkono wako wa kulia. Wifi anajua kwamba nimekuandikia, ila hajui nimeandika nini. Tafadhali na abaki hivyo hivyo.

Sasa salamu. Hujambo? Kikohozi kimepoa? Watoto je, yule wa kati bado anakataa kuvaa viatu? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia na chakula nakitazama tu kama picha ukutani. Utasema ndiyo zangu, kwamba kitindamimba wenu alizaliwa akiogopa kivuli chake, na kwamba utotoni nililia kuku akinitazama sana. Cheka, kaka, una haki. Lakini ukimaliza kucheka usome mpaka mwisho, kwa sababu safari hii ninayemwogopea ni wewe, wewe na lile bomba la kauri mtakalolifunga chini ya ndoo ya chuma Alhamisi.

Mlipokuja kututembelea maabara kutoka kiwandani kwenu ulinieleza kwa furaha kwamba umejitolea kusimama pale chini, chuma kilichoyeyuka kikipita ndani ya bomba kuingia kwenye kalibu. Uliwaambia wenzako kwamba kitu kilichopita mikononi mwa mdogo wako hakiwezi kukuunguza. Nilitabasamu. Tangu siku ile maneno hayo yananiunguza mimi.

Nikueleze bomba lilivyozaliwa. Zamani wataalamu wetu walichanganya unga wa madini kwa kubahatisha, wakauchoma, kisha wakavunja walichokichoma waone kina nguvu kiasi gani. Siku hizi kompyuta inalishwa matokeo ya michanganyiko yote iliyojaribiwa, nayo inatafuta mchanganyiko bora ambao bado hakuna aliyeuchoma. Ni kama mpishi aliyeonja vyungu vingi hata akaweza kukisia ladha ya chungu ambacho hakijainjikwa. Bomba lenu limetokana na kukisia huko. Aliyeitengeneza programu hiyo ni yule tunayemwita Dada wa Hesabu. Kazi yangu mimi karani ni kuandika namba kwenye vipande kabla havijaingia tanurini, na vikishapimwa kuingiza matokeo yake kwenye kompyuta.

Sasa sikiliza desturi yetu. Kipande kikipasuka tanurini wakati wa kupoa, hakipelekwi kupimwa. Utapima nini, na kimeshakuwa vigae? Kinatupwa kwenye ndoo iliyo nyuma ya tanuri, ambayo tumeipa jina la Jeneza. Mkuu wa maabara hupenda kusema kwamba hilo ni kosa la moto, mchanganyiko hauna hatia. Fundi wa tanuri naye, kila akimwaga vigae mle, husema marehemu hawapigi kura, na sote tunacheka. Hakuna aliyemdanganya mtu, kaka, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Siku moja Dada wa Hesabu alikuja mezani kwangu na kikombe chake cha chai, akaniuliza mbona namba zangu zinaruka. Nilimjibu bila wasiwasi kwamba zilizorukwa zimo kwenye Jeneza. Alikiweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akanieleza kwamba kompyuta yake haijawahi kuonyeshwa hata kipande kimoja kilichopasuka, kwa hiyo inaamini hakuna kinachopasuka. Alisema tumefanya kama mtu anayeuliza kina cha mto kwa waliofika ng'ambo tu.

Tukalimwaga Jeneza sakafuni. Namba nyingi zilikuwa bado zinasomeka kwenye vigae. Yeye alizitaja, mimi nikaziingiza. Kompyuta ilipomaliza kuzitafuna ikaligeuka bomba lenu. Hapa naomba usome polepole. Haikusema kwamba litavunjika Alhamisi. Ilisema litastahimili umiminaji wa kwanza vizuri kabisa. Litapasuka wakati wa kupoa, ufa mwembamba kuliko unywele, usioonekana kwa macho. Hapa kwetu lilipona kwa sababu fundi alilipoza polepole kama anayemuuguza mgonjwa. Huko kwenu litapozwa na upepo wa mlangoni. Halafu mtalifunga tena, chuma kitapita mara ya pili, na ufa utafunguka juu ya kichwa cha aliyesimama chini.

Kwa hiyo siku ninayoiogopa zaidi ni ile mtakapopiga makofi.

Dada wa Hesabu aliingia kwa Mkuu na maneno hayo. Mkuu hakupaza sauti. Alimwambia kwamba wageni wa Alhamisi wameshaalikwa, chuma chenyewe kitasema ukweli, na bomba likisimama Dada ndiye atakayeomba radhi mbele ya watu. Kesho yake kiti cha Dada wa Hesabu kilikuwa kitupu, na kompyuta ikanikatalia kuingia sehemu aliyokuwa akifanyia kazi. Kisha Mkuu akaja mezani kwangu. Akaniuliza kwa upole kama naipenda kazi yangu. Akauliza hali ya nyumbani. Akauliza kama si kaka yangu atakayesimama chini ya ndoo, nami nikaitikia. Akasema ni vyema familia nzima ikawa na moyo mmoja. Kaka, angenipiga kofi ningeogopa kidogo kuliko hivyo.

Sasa nikwambie niliyoyafanya, na usinikaripie kabla hujafika mwisho.

Nilimpigia simu msimamizi wenu kutoka dukani, nikiwa nimeziba mdomo kwa leso. Nilimwambia asimweke mtu chini ya bomba mara ya pili. Alicheka, akaniambia mama, chuma si uji, nenda kalale. Siku hiyo hiyo jioni Mkuu alituita wote akayarudia maneno yangu neno kwa neno, huku akitutazama usoni mmoja mmoja. Ndiyo maana siiamini tena simu ya kiwandani kwenu. Nilisema nina homa, nikatoka, na sijarudi kazini wala kwenye chumba changu.

Na sikutoka mikono mitupu. Kabatini kulikuwa na bomba pacha la lile lenu, mchanganyiko mmoja na moto mmoja. Nililiiba. Mimi, niliyekuwa narudisha hata kalamu ya ofisi! Dada wa Hesabu, niliyemfuata kwao, ana rafiki mfinyanzi mwenye tanuri uani kwake. Tulilipasha moto humo, tukalitoa nje likapoa kwa upepo. Moto ule haukufikia hata nusu ya wa kwenu. Kwa macho lilikuwa zima, jeupe, zuri kama yai. Tukalipaka wino, tukaufuta kwa kitambaa kibichi. Wino wote ulitoka, isipokuwa mstari mmoja wa buluu uliolizunguka shingoni, pale ulipozama ndani ya ufa.

Hilo ndilo nakuomba ufanye. Umiminaji wa kwanza ukiisha na bomba likishapoa, wageni wakiwa bado wanapeana mikono, lipake wino kwenye shingo ya nje, mahali ambapo chuma hakigusi, kisha lifute. Lifute mbele ya wenzako wote, usijifiche. Ukiulizwa nani kakufundisha, sema umejaribu tu. Wala usitafute ujanja wa kumwachia mwingine nafasi yako ukadhani umepona, maana naye ana mdogo wake anayemsubiri. Mstari wakiuona kwa macho yao hapatakuwa na haja ya barua yangu.

Nisalimie watoto, na mama ukimwona mwambie nimesafiri kikazi. Usinitafute nyumbani. Nenda kwenye duka la dawa lililo mkabala na shule aliyosoma wifi, umwombe mwuzaji simu yake. Ni binamu wa Dada wa Hesabu na anajua pa kunipata. Usitaje jina langu, sema unamtaka mwenye homa, nami nitakuwa kwenye simu kabla hujakaa. Ukinipata, usiniambie kwamba bomba lilisimama, hilo nalijua. Niambie tu kwamba mara ya pili hapakuwa na mtu chini yake.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba