Mafuta ya Kasa na Kifua cha Mtoto wa Jirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mimi ni Mkenya wa pwani nafanya biashara hapa Kibuli, Kampala, na kaka yangu Nashon, mvuvi huko kwetu, hunitumia mafuta ya kasa nami nawauzia kina mama kama dawa ya pumu, jirani yangu Akot, mke wa polisi, alimnywesha mwanawe Oola akaona nafuu, akaacha kliniki na ile pampu ya kuvuta dawa akaitupa, sasa juzi nimempigia Nashon aniletee mzigo mwingine ndipo akasema, "Dada, mimi kasa siui tena, tumeungana na wavuvi wa vijiji jirani, kasa akinasa tunaitana, tunakata wavu tumrudishe baharini, na wavu uliochanika umoja unatushonea, hayo ninayokutumia ni mafuta ya samaki na samli, ila usiseme, wakisikia nauza kasa Kampala watanifukuza," na jana Akot kaja mlangoni, "Mama Filda, leta ile mafuta ingine, mutoto anapumua mubaya," nikamwambia njoo kesho, sasa mshauri, nikisema ukweli nitafungwa na ndugu yangu atakosa riziki, nikinyamaza namsikia mtoto akihema ng'ambo ya ukuta, nifanye nini?

Mama Filda, Kibuli

Mama Filda,

Mtoto anakosa pumzi na wewe unatafuta kalamu! Pole, hofu yako naielewa, lakini hasira imenitangulia. Usijifiche nyuma ya uongo wa kaka yako. Hata mafuta ya kasa halisi hayatibu pumu, na nafuu ile ilikuwa ya siku chache tu.

Nashon ameacha kuua lakini hajaacha kuuza jina la kasa. Kila mama unayemsifia dawa hiyo anamwambia mwenzake, na kuna mvuvi asiye na umoja wowote atakayewaletea ya kweli. Aende mwenyewe kwa wenzake aseme. Wakimfukuza, wamfukuze. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Barua yako ilipofika nilipiga namba ya simu uliyoandika kwenye bahasha. Ulipokea, ukasikia mimi ni nani, ukakata. Basi soma hapa. Hospitali iko hapo hapo kilimani. Gonga kwa Akot, mchukueni Oola, pandeni boda, umwambie daktari mtoto amenywa nini na ameacha nini. Polisi atakufunga baadaye.

Na ukikuta kwa Akot watu wamekaa kilio, usirudi nyuma. Ingia, useme ukweli.