Sauti Yako Waliyoichukua

London, Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Nakushika miguu kwa adabu. Vipi goti, na kile kifua kimepungua? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila roho haijatulia, nawe sababu unaijua.

Kaka Kombo ameniambia hutaki tena kuzungumza kwa simu, unaogopa wasije wakachukua maneno mengine. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono.

Nikueleze tangu mwanzo, maana Kombo aliyasikia nusunusu. Lile shirika lililokuja Mgogoni kukurekodi ukiwasomea hadithi watoto wasioona lilikosa wafadhili, likafungwa. Kabla ya kufungwa liliziuza rekodi zake kwa kampuni moja ya kompyuta. Kampuni ikaifundisha mashine kusema kwa sauti yako, hata maneno ambayo hujapata kuyatamka, kisha ikaikodisha kwa watu wa kamari. Kwa hiyo sauti aliyoisikia Kombo pale bandarini Mkoani, ikisema kwenye simu ya mtu "Bahati ni yako, cheza leo," si wewe, na wanaokujua wanajua. Lakini naelewa hilo halikutosha. Kombo anasema mwanafunzi wako wa zamani alikuuliza mbele ya wenzako wa darsa, "Mwalimu, na wewe umeingia kamari?" na tangu siku hiyo hujarudi darsani.

Kabla hujaacha simu uliniambia, "Wewe si wakili wa mambo hayohayo? Waambie waache." Mama, nilisomea kompyuta, nikafundisha vijana bure kwenye shirika pale Chake, nikaja huku kusomea sheria za hakimiliki, ili kile mtu alichokibuni kisichukuliwe ovyo. Ungedhani nilitayarishwa kwa jambo hili hasa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilimpigia wakili wa kampuni. Ni mtu mpole.

"Mama yako alitia saini," akasema.

"Alitia saini kwa ajili ya watoto wasioona."

"Karatasi inasema matumizi yoyote."

"Ni mwalimu mstaafu, mtu wa ibada. Kamari hajui hata inachezwaje."

"Nasikitika. Kweli nasikitika."

Nikaisoma karatasi mwenyewe nikitafuta pa kupenya. Sikupaona. Maneno yake ni yaleyale ninayowaandikia wateja wangu kila wiki. Nikampelekea mkuu wangu wa ofisi, akaisoma, akavua miwani. "Ingekuwa hadithi aliyoitunga mwenyewe, tungepigana," akasema. "Lakini hii ni sauti tu, Zuwena, na saini yake ipo."

Basi nikawaandikia si kama wakili, kama mtoto wa mtu. Nikawasihi. Wakajibu kwamba wako tayari kulifikiria, ila kwanza wewe mwenyewe uwatumie rekodi mpya, usome kurasa watakazokupa, ili wahakikishe sauti ni yako.

Siku nzima nilikaa na jibu hilo. Ukikubali, huenda wakaacha. Huenda pia wakapata zaidi ya walichonacho. Sina cha kukuhakikishia, na siwezi kukuamulia. Watu wanakuja ofisini kwangu wakitaka ushauri, wanaondoka nao. Mama yangu mzazi sina la kumshauri.

Juzi nikiwa jikoni nililifungua lile tangazo la kamari. Nilijua ni mashine. Lakini ilivuta maneno kama unavyoyavuta wewe ukituamsha kwa sala ya alfajiri, nikaiacha hadi mwisho, kisha nikairudia. Nisamehe. Ni muda sasa sijakusikia.

Nisalimie Kombo, umwambie asigombane tena na vijana wa bandarini, hawana kosa. Nisalimie mkewe, Mungu amjaalie ajifungue salama. Na shangazi wa Fundo akija, mwambie kanga alizonipa bado ninazivaa ndani, hata kwenye baridi hii.

Niombee dua, Mama. Hata kimoyomoyo inatosha.

Mwanao,
Zuwena