Mashavu Haya Si ya Shibe

Mazimbu, Morogoro

Mama yangu mzazi,

Shikamoo mama. Mnaendeleaje huko juu? Mvua huku chini bado, ila nikitoka nje asubuhi nauona mlima umejifunika mawingu, nasema basi kwa mama inanyesha, njegere zitapona. Goti lako je? Umeacha kubeba debe kichwani kama nilivyokuomba, au ni vilevile? Mjukuu wako Bahati anatembea sasa. Anashika ukuta, halafu anauachia, akianguka anajicheka mwenyewe. Baba yake yupo, anakuamkia sana.

Wifi Anastasia, wewe ndiye utakayemsomea mama barua hii. Nakuomba umwite jikoni mkae wawili tu, usisome uani mbele ya watu. Ukifika pa kucheka, cheka wifi yangu, lakini usiache kusoma.

Mama, nimeandika kwa sababu ya ule ujumbe wako aliouleta mjomba.

Unakumbuka mjomba alipita kwangu mara ya kwanza, alipokuja kuuza karoti sokoni. Alisimama mlangoni akapiga makofi. "Ha! Mpwa wangu! Huyu ni Kresensia au mke wa meneja? Mji umekupokea!" Mimi nikacheka. Akaona kikopo cha vidonge juu ya kabati, akauliza, nikamjibu ni vitamini. Kinywa kilinitangulia mama, kwa aibu tu. Ndiyo hizo habari alizokuja kukupa.

Sasa Jumamosi hii kaja tena. Anasema, "Mama yako kanituma. Mdogo wako Koleta yuko ndani, siku za kumtoa mwali zimekaribia, na shingo yake bado kama ya kuku wa kideri. Anaomba zile vitamini zako. Siku ya ngoma watu wanataka kuona mashavu." Nikasema zimekwisha. Akasema, "Hilo nalo neno? Siku hizi maduka ya dawa yapo kila kona, unataja tu unauziwa. Niandikie jina." Nikajifanya natafuta kalamu, nikafunua godoro, nikafunua sufuria, mpaka akachoka akaenda zake. Lakini kaka yako unamjua. Jambo la mwali wa ukoo akishaliahidi haliachi. Vidonge alishaviona, ataeleza tu ni vyeupe, vidogo, vya kunenepesha, na muuzaji atamwelewa upesi, maana wapo wasichana wa huku wanaovinunua kwa kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo lazima niseme, ingawa uso unaniwaka. Zile si vitamini mama. Ni dawa ya ugonjwa, inaitwa prednisoloni. Mimi ninaumwa. Na mashavu haya mjomba aliyokusifia si ya shibe, ni ya dawa.

Ilianza Bahati akiwa bado ananyonya. Vidole vilivimba kwenye viungo, magoti yakawa moto. Asubuhi siwezi kukamua nepi. Mtoto ananyoosha mikono nimbebe, namtazama tu, namwambia subiri mwanangu, baba anakuja. Sikukuandikia, nikijua utashuka mlima na goti lako hilo. Hospitali wakanipima damu, daktari akasema mwili wangu unajipiga wenyewe. Nikapewa vidonge hivyo. Haukupita muda nikambeba mtoto, nikazunguka naye uani mpaka akachoka yeye.

Basi uso nao ukaanza kujaa. Na wakati huohuo Baba Bahati akapunguzwa kiwandani. Kiwanda kimeuzwa, tajiri mpya hataki watu wengi. Sasa anatandaza viatu vya mitumba stendi, siku nyingine anarudi navyo vyote. Yeye anakonda, mimi naviringika. Huku bombani wanawake wakaona la kusema. "Mama Bahati, hicho unachokula usile peke yako jamani, mgawie na baba watoto. Suruali zinamvuka!" Wakacheka, nami nikacheka nao. Ningefanyaje?

Na kibaya zaidi, hawakukosea sana. Dawa hii inaleta njaa isiyo na adabu. Siku moja nilimfunikia mume wangu ugali wake. Nikasema nionje pembeni kidogo, na nilipokuja kujitambua naona sahani nyeupe. Akarudi, akafunua, akafunika. Akasema, "Leo nimekula kwa watu." Hakula kwa mtu yeyote mama. Nilimwona akinywa maji, kikombe juu ya kikombe.

Ndipo nikaacha vidonge, sikumwambia mtu. Niliona uso ukipungua nitakuwa mtu tena mbele za watu. Haukupungua. Nilianza kutapika, miguu ikawa kama si yangu, na nikaanguka palepale bombani, ndoo huku, mimi huku. Waliokuwa wakinicheka ndio walionipakia kwenye mkokoteni wakanisukuma hadi hospitali, mmoja akanifunika kanga yake.

Nesi aliyenipokea ni mama mnene mwenye miwani. Alifoka. "Nani kakwambia uache dawa?" Nikavuta ile kanga usoni. "Nakuuliza wewe dada!" Nikasema, "Sura yangu, sista." Akavuta kiti.

Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia huko juu Uluguru. "Mkija mjini mnashukaje, mnaruka?"

"Hapana sista, tunafuata njia, kona kwa kona."

"Na dawa hii inashukwa kona kwa kona. Mwili unatengeneza wenyewe kitu kama hiki. Ukiumezesha vidonge siku nyingi, unasema ah, yupo wa kunifanyia, unalala. Ukiacha ghafla, vidonge hakuna na mwili bado umelala. Ndiyo maana ukaanguka. Wa kukupunguzia ni daktari, kidogo kidogo. Siyo wa bombani."

Akanifundisha na mengine, akanilazimisha niyarudie mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimeze asubuhi nikishakula, maana tumbo likiwa tupu dawa inalikwangua, na nikiona choo cheusi kama lami nikimbie hospitali. Chumvi nipunguze. Njaa ikinivamia nijaze mchicha na matango, si ugali. Nikipata homa au kidonda nisingoje, kwa sababu dawa hii inaficha ugonjwa, moto unawaka ndani na nje huoni moshi. Mwenye tetekuwanga nikae naye mbali. Na popote nitakapotibiwa, hata jino, niseme kwanza kwamba natumia dawa hii.

"Na uso, sista?" Hilo ndilo nililokuwa nangojea.

"Utarudi, dozi ikishuka. Siyo kesho, lakini utarudi."

"Kwa hiyo sijaharibika moja kwa moja?"

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Afadhali wewe! Mimi mashavu yangu haya sina hata dawa ya kuyasingizia."

Huyo ndiye niliyemfuata Jumatatu, baada ya mjomba kuondoka. Nilimweleza habari za Koleta, nikitazama chini. Hakucheka safari hii. Alisema unene ule si nyama, ni maji na mafuta yanayokaa usoni na tumboni, huku mikono na miguu inazidi kunyauka. Kwa msichana anayekua, dawa inaweza kumzuia asirefuke, mifupa ikalegea, sukari ikapanda. "Na huko ndani alikofungiwa," akaniuliza, "akipata homa iliyofichwa na dawa, nani atajua?" Nilimwona Koleta gizani mle, anameza kwa sababu ameambiwa ni vya dada yake.

Wifi, hapa soma mara mbili. Kama mjomba hajaleta vidonge, akileta usipokee. Kama ameshaleta na Koleta ameshaanza kumeza, usimkatishe mwenyewe ghafla, na usimwongezee. Mtoeni ndani, ashuke na mtu mzima mpaka hospitali ya huku, upesi, na vidonge vyenyewe waje navyo wavionyeshe. Najua mwali hatolewi kabla ya siku yake. Najua bibi atasema nimeingiza ya mjini katika mambo ya ukoo. Mwambieni ni mimi niliyesema, anilaumu mimi. Mtoto apewe maharage, njegere, ndizi, maziwa ya mbuzi. Akitoka mwembamba, acha atoke hivyohivyo, nao waimbe.

Mama, mjomba aliniambia pia kwamba umeshawasimulia akina mama wa jumuiya jinsi mwanao alivyoshiba mjini. Hapo ndipo aibu iliponishika kuliko pale bombani. Sasa itabidi useme mengine mbele yao, na wapo watakaofurahi. Nisamehe. Ulikuwa unajivunia kitu na mimi nilikuacha ujivunie.

Nimeongea na Baba Bahati, anasema, "Nenda kwenu kwenye ngoma, wakuone, useme kwa mdomo wako." Naogopa, mama. Nikiwaza njia yote ile ya kupanda, kila nyumba watu wanatoka, tazama Kresensia alivyonawiri, natamani nijifunike kanga mpaka machoni. Lakini karibu kila nyumba ina binti, na mjomba keshawaeleza vitamini zangu. Heri nichekwe mimi nikiwa nimesimama kuliko nikae huku wao wananunua. Daktari amenishusha dozi kwa mara ya kwanza, kidogo, na viungo havikuuma. Bahati naweza kumbeba mgongoni hadi kwako, nikipumzika pumzika. Natumaini mavuno yajayo utaniona kama ulivyonizaa.

Ukiona itakuwa aibu kubwa kwako nisije, niambie, nitabaki na sitanuna. Hilo tutaliongea. La Koleta halingoji.

Msalimie bibi, mwambie namwamkia hata kama amekasirika. Mjomba naye shikamoo yake, yeye ndiye mlezi wetu na alitaka mema. Mwambie asipite tena dukani. Baba mdogo fundi seremala, na watoto wako wifi, wote nawasalimu. Koleta msalimieni pale mlangoni, mwambieni dada anampenda na shingo yake hiyohiyo.

Barua hii anakuja nayo yule mama muuza njegere, jirani yenu wa chini. Atashuka tena Alhamisi. Nileteeni kupitia kwake neno moja tu, amemeza au hajameza. Nitakuwa nimesimama pale sokoni tangu magari ya kwanza yanapofika.

Ni mimi, niliyekuwa wa kwanza kukuita mama,

Kresensia