Chupa Nilizokataa Kuosha

Mpendwa Akinyi,

Sisi huku Lindi, Kibera, tu wazima, tangu tumzike babu yako. Unauliza kama mtu mdogo anaweza kumbishia mkubwa wa maabara. Miaka ya tisini mimi nilibisha. Nilikuwa mwosha chupa za kukuzia seli za migomba. Daktari, mkubwa wetu, alizidisha homoni ya kutengenezwa katika baadhi ya chupa, seli za humo zikawa nyeusi, akanilaumu mimi.

"Mama, umeacha sabuni ndani ya chupa. Mwaga, uoshe zote, la sivyo rudi Kibera ukakae."

"Sioshi. Zenye homoni kidogo niliziosha vilevile, na seli zake ni nyeupe. Pima kwanza."

Akapima kwa hasira. Kimeng'enya kinachofanya ndizi iliyokatwa iwe nyeusi kilikuwa kimepanda pamoja na homoni. Hakuomba msamaha, ila kazi nilibaki nayo.

Sasa majirani wananihimiza nioshe kikombe alichonywea babu yako mara ya mwisho, nikiweke kabatini. Hicho nacho sioshi.

Nyanya yako