Namba Zilizoganda

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa leo. Skrini ya wodi ya mahututi. Vitanda kumi, mapigo ya moyo na oksijeni ya kila mgonjwa, namba zote kwenye skrini moja kubwa mezani kwa wauguzi. Mfumo unaozichora aliuandika Baba — baba mkwe wangu — miaka kumi na tisa iliyopita, peke yake, enzi hizo macho yake yakiona. Sasa kompyuta za wakati ule zinakufa moja moja, na hizi mpya haziukubali mfumo endeshi wa zamani. Kwa hiyo kazi ya Baba ibaki, kiini cha mfumo endeshi kilicho chini yake kibadilishwe. Sawa na kung'oa msingi wa nyumba watu wakiwa ndani wanakula.

Meneja anataka Alhamisi ya wiki ijayo skrini ya zamani iondolewe. Siku kumi!

Nilimwambia Baba wakati wa kula. Akaweka kijiko chini. "Kumbe mtoto wangu anahama," akasema. Hakula tena.

Jumatano, 5 Machi

Picha ya kwanza imetokea — kichwa chini! Vitanda vyote kumi miguu juu. Fundi wa nyaya akachungulia, akasema basi wamepona hao, wanapiga sarakasi. Nilicheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka kazini.

Kufika saa nane mchana imekaa sawa. Tumeipeleka wodini. Ya zamani na mpya ziko bega kwa bega, namba zilezile. Wauguzi wanaangalia ya zamani tu. Mazoea.

Msimbo wa Baba, yaani maandishi ya programu yake, ni safi. Mistari mifupi, na maelezo yake pembeni kama mtu anayekuongelesha. "Hapa ngoja kengele." Kengele ndiyo ishara ambayo mfumo wake unaipata kutoka kwenye kiini kwamba picha imefika kwenye kioo cha skrini, ndipo unachora nyingine. Chini yake kaandika: "Isipolia kwa sekunde mbili, funika skrini yote kwa weusi. Usibishane."

Usibishane! Kwingine kote ni mpole. Hapa amefoka.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kabla sijazisahau namba.

Saa tano asubuhi, kitanda cha sita. Skrini ya zamani: oksijeni 88. Ikashuka, 81. 79. Skrini mpya: 94. 94. 94. Na saa ya kwenye kona inakwenda zake, sekunde kwa sekunde, utadhani kila kitu ni kizima. Muuguzi alikuwa ameshamfikia mgonjwa — kwa sababu aliangalia ya zamani. Baada ya sekunde kama arobaini ile mpya ikaruka, zikalingana.

Bomba la oksijeni lilikuwa limechomoka tu. Mgonjwa hajambo.

Nilimwita Meneja. Alisimama pale saa nzima, haikurudia. Mara moja tu kwa siku tatu? Labda macho yako yamechoka, akasema. Nikamjibu macho yangu hayana tatizo. "Haya, tutaangalia." Hiyo tutaangalia yake naijua.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilikaa na Baba kibarazani, nikamsomea msimbo. Mstari kwa mstari, kwa sauti. Kainamisha kichwa, midomo yake inayafuata maneno. Kwanza nilimsomea wake. Halafu maelezo ya kiini kipya. Tulipofika kwenye kengele akanishika mkono.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Hicho kinapiga kengele kikipokea picha. Hakingoji ifike kwenye kioo. Ni tarishi anayesaini barua imefika, kumbe bado iko kwenye mkoba wake."

Ndivyo ilivyo! Siku tano nimeikodolea macho, na asiyeona ndiye kaiona. Kengele inalia, kwa hiyo ule weusi wake hauji kamwe. Saa ya kwenye kona inachorwa kwa njia yake ya pembeni, ndiyo maana haigandi. Namba zikikwama, hakuna wa kujua.

Nikafurahi, nikamuuliza kwa mzaha: na "usibishane", Baba, ulikuwa unamfokea nani?

Akakiweka kikombe chake cha chai sakafuni.

"Nafsi yangu," akasema.

Mwaka wa kwanza wa mfumo, weusi huo haukuwepo. Namba ziliganda robo saa. Mama mmoja, amejifungua juzi yake, akafa huku skrini ikisema yuko salama. Wakasema muuguzi wa zamu alisinzia. Yule dada akaapa kwamba alikuwa anaitazama skrini. Hakuna aliyemwamini. Baba alijua siku ya pili. Akarekebisha kimyakimya, akaongeza ule weusi. Dada wa watu akafukuzwa.

"Nilimwona akitoka getini na viatu vyake vya kazi mkononi. Sikusema. Nilikuwa na watoto wadogo, nikajiambia hivyo. Ukweli niliogopa."

Nikamchukulia kikombe, chai imepoa, nikaenda kumwaga. Nilisimama jikoni muda mrefu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mume wangu. Hakuniuliza ni kweli au si kweli. Aliuliza nani mwingine anajua. Halafu: "Unataka kumvua nguo baba yangu mbele za watu? Na uzee wote huu?"

Nikamwambia kuna watu kumi kwenye vile vitanda.

Ametoka. Kaubamiza mlango.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza Meneja kila kitu kuhusu kengele, na mchoro juu. Lile jambo la zamani la Baba sikuligusa. Si langu.

Marekebisho nayajua: tukiulize kioo chenyewe, tusimwamini tarishi. Kisha skrini zote mbili zikae pamoja wiki mbili, tuhakikishe. Wiki mbili tu naomba.

Hapana. Wakubwa wameshaalikwa Alhamisi. Akanisogezea fomu: mfumo umehamishwa, umejaribiwa, ni salama. Sahihi yako hapa.

Sikutia. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa, akachukua kalamu, akatia ya kwake. Kwa hiyo fomu ina sahihi. Rahisi hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Sista Mkuu wa wodi ndiye mwenye wodi yake. Akisema skrini ya zamani haitoki, haitoki. Nimeomba kumwona kesho saa nne.

Baba kasikia nikiongea kwenye simu. Akaniambia nimpigie pasi shati jeupe. Nikasema, Baba, naweza kueleza mwenyewe, habari za kengele zinatosha. Akasema, "Zinatosha kwako."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Shati kapiga pasi yeye.

Alhamisi, 13 Machi

Tuko kwenye benchi nje ya ofisi ya Sista Mkuu. Wageni wanakuja saa sita. Fundi wa nyaya amepita na ngazi, akatusalimia kwa sauti ya chini, bila utani. Yeye ndiye ameambiwa aishushe ya zamani.

Baba ameniuliza Sista huyu ana umri gani. Nikamwambia anakaribia kustaafu. "Basi alikuwepo mwaka ule," akasema. Tangu hapo anafunga na kufungua kifungo cha mkono wa shati.

Nimemwambia bado tunaweza kuingia, nikasema yangu tu, tukaondoka. Amekifungua kifungo tena. Naandika ili nisiyatazame mikono yake.

Meneja ametokea mwisho wa korido. Ametuona. Anakuja haraka.

Mlango umefunguliwa. Sista anauliza, ninyi wawili, nani ana shida?

Baba ameshasimama. "Mimi," anasema, "kuhusu yule dada aliyefukuzwa —"